Mzaha wa Mabaharia Wawili

Mgeni alikuja kutoka Mumias siku ya Jumamosi, akiwa na mkate wa nazi uliofungwa kwenye gazeti. Mume wangu alikuwa amesharudi kutoka baharini karibu mwezi mzima. Wawili hao walifanya kazi kwenye meli moja ya mizigo, mume wangu akiwa mpishi na mgeni akiwa serahangi, yaani mkubwa wa wale wanaoshughulikia kamba, rangi na nanga. Watu wa bara hushangaa wakisikia kwamba kwetu Mautuma, mahali pa mahindi na ng'ombe, pametoa baharia. Mimi mwenyewe nilishangaa alipoacha kupikia shule ya bweni na kwenda kusomea kazi hiyo Mombasa.

Mgeni ni Mwislamu, sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo tulimwomba amchinje kuku mwenyewe. Jogoo alimponyoka mkononi. Alimfukuza kuzunguka ghala la mahindi mara tatu, kanzu ameikunja hadi magotini, huku mume wangu akipiga kelele, "Mwacheni! Huyo jogoo tumwandike kazi melini! Amemshinda serahangi, mwizi wa baharini atamweza wapi?"

Ndivyo ulivyoanza mzaha wa siku ile. Tulipoketi mezani, obusuma, ugali wetu, ikifuka moshi na ingokho, yule kuku, ikiwa kwenye bakuli kubwa, mama mkwe wangu alitaka kujua mambo ya hao wezi. "Kwani watu wanawaibianga hata huko majini?" aliuliza.

"Wanajaribu, mama," mgeni alisema. "Lakini sisi tuna askari wetu." Akaeleza jinsi walivyojaza matambara ndani ya ovaroli kuukuu, wakaivika kofia ya chuma na kuisimamisha nyuma ya meli, ili anayetazama kwa mbali adhani kuna mlinzi. "Kila asubuhi huyu mwanao alimpelekea chai. Anaiweka miguuni pake, anamwambia, pole na zamu, mkubwa."

"Alikuwa mfanyakazi bora kuliko serahangi," mume wangu alisema. "Halali, halalamiki, na chai yake nilikuwa naimalizia mimi."

Watoto walicheka hadi mmoja akapaliwa. Wakaendelea. Walisema nahodha aliwakusanya siku moja, akauliza kila mtu angejitetea vipi majambazi wakipanda. Wa kwanza akasema angewamwagia maji kwa mipira ile mikubwa ya kuzimia moto. Mwingine akataja seng'enge iliyozungushwa ukingoni. Zamu ya mume wangu ilipofika akasema, "Mimi nitawakaribisha chakula. Kwetu hatupigani na mgeni kabla hajala. Nikishawapa ugali wa kwetu, sahani mbili mbili, nani ataweza kushuka tena kwa kamba?"

Mama mkwe alipangusa machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. Mimi pia nilicheka. Alikuwa mcheshi tangu siku niliyomjua, na mwezi ule alikuwa amenyamaza kuliko kawaida, hivyo nilifurahi kumwona vile.

Kisha mgeni akasema, "Hata siku ile tulipojifungia kule chini, bwana huyu alikuwa na mwiko wake mkononi."

Mume wangu akamsogezea bakuli. "Ongeza mchuzi, ndugu yangu."

Mgeni alimtazama, kisha akanitazama mimi. Akachota mchuzi. Mazungumzo yakahamia kwenye bei ya miwa huko kwao.

Jioni ilipokaribia, mume wangu alienda kukamua ng'ombe, nami nikamsindikiza mgeni hadi barabarani. Tulipopita shamba la jirani nikamuuliza, "Shemeji, ni siku gani hiyo mliyojifungia?"

Alisimama. "Hakukuambia?"

"Hakuniambia."

"Astaghfirullah. Nisamehe, shemeji. Nilidhani unajua."

Nikamwambia asinifiche, kwa kuwa nimeshasikia nusu. Akanieleza polepole, akitazama udongo. Mashua mbili za kasi ziliwajia mchana, risasi zikavunja kioo cha chumba cha nahodha. King'ora kikalia, wote wakakimbilia chini kwenye chumba cha injini na kufunga mlango wa chuma kwa ndani. Injini zilikuwa zimezimwa, lakini joto lake lilikuwa bado limejaa mle. Walikaa humo kwa muda wa saa kumi na moja. Kwa muda fulani walisikia hatua za watu juu yao na vyuma vikigongwa. Injinia mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kutetemeka na kusema anataka kutoka nje.

"Mume wako alimkalia karibu," mgeni alisema. "Akaanza kunong'ona mizaha. Ile ile uliyoisikia leo mezani. Ugali wa kwenu, chai ya zamu, yule askari wetu wa matambara. Aliirudia na kuirudia mpaka yule mzee akatulia. Sote tulitulia. Meli ya kijeshi ilipofika, wale watu walikuwa wameshaondoka. Tukafungua mlango."

"Na mwiko?"

"Alikuwa amekimbia nao kutoka jikoni bila kujua. Nilipomwambia auweke chini, vidole havikufunguka. Nilivifungua mimi, kimoja kimoja."

Pikipiki ikaja, akapanda. Nilibaki pale barabarani kwa muda. Nilikumbuka ujumbe ambao mume wangu alinitumia wakati fulani akiwa baharini, kwamba mtandao ulikuwa mbaya siku mbili lakini wako salama. Nilikumbuka pia kwamba tangu arudi hataki mlango wa chumba chetu ufungwe, nami nilikuwa nikimgombeza kwa sababu ya mbu. Siku ambayo mashine ya kusaga ya jirani ilinguruma ghafla, alimwaga ndoo nzima ya maziwa. Nikamwambia amekuwa mzembe.

Hasira ilinijia kwanza. Kila mtu mezani alikuwa amepewa kicheko, na mimi mkewe nilipewa kile kile, kama mtu wa nje. Lakini nilipofika nyumbani nikamwona anamfungua ng'ombe kamba, anamsemesha kwa sauti ya chini, nikashindwa kusema.

Nilisema kesho yake, baada ya kanisa. Tulikuwa nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi, yeye kwenye kigoda, mimi kwenye gunia.

"Shemeji ameniambia," nikasema.

Mikono yake haikusimama. "Serahangi ana mdomo mkubwa kuliko meli yenyewe."

"Baba, usinichekeshe leo."

Akaweka gunzi chini. Kuku wakaanza kudonoa mahindi kwenye turubai na hakuna aliyewafukuza. Halafu akazungumza. Hakuanza na mashua wala risasi. Alianza na harufu ya mafuta mle ndani, na jinsi alivyojaribu kuukumbuka uso wa binti yetu mdogo ukakataa kuja. Alisema mizaha ile hakuwa akimpa yule mzee peke yake. Alikuwa anajipa mwenyewe, kwa sababu alijua akinyamaza ataanza kupiga mayowe. Alisema alinificha kwa kuwa hapa nyumbani ndipo mahali pekee ambapo jambo lile halijafika, na hakutaka kulileta.

"Limefika," nikamwambia. "Lilikuja na wewe. Mimi nimekuwa nikiligombeza bila kulijua."

Alilia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata kwenye matanga ya baba yake. Nilimshika mkono tu. Mlango wa chumba chetu sijaufunga tena tangu siku ile, tukanunua chandarua kipya.

Mume wangu mwenyewe ndiye aliyemweleza mama yake, wiki iliyofuata. Bibi kizee yule alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akatoka nje, akarudi, akauliza, "Na huko chini mlikulanga nini?" Alipojibiwa kwamba hawakula chochote, alienda jikoni akawasha moto, ingawa tulikuwa tumekula saa moja tu iliyopita. Mume wangu alikula yote.

Waliompigia simu kumwita arudi melini aliwakatalia. Sasa anapikia chuo kimoja hapa karibu, na akina mama wa pale hunieleza kwamba anawavunja mbavu. Mgeni wetu yuko baharini bado. Akipiga simu, siku hizi huomba kuongea nami kwanza. Namuuliza walipo na hali ilivyo, naye hunijibu kinaganaga, bila kupunguza. Nikiridhika ndipo nampa mume wangu simu, nao huanza vicheko vyao.