Yunis wa Maktaba na Kurasa Zilizooza

"Yunis, hicho kitabu chenu kinasemaje? Mtu akipotelea ziwani namna hii, anakaa muda gani ndipo anarudi?"

Aliyeuliza ni Naomi, jirani yake wa Mbugani. Alikuwa amesimama uani kwa Yunis na ungo wa mchele mkononi, anachagua mawe huku anauliza, kama mtu anayeuliza basi la Mbeya linapita saa ngapi. Naomi hakusoma. Kitabu anachokijua yeye ni kile kinachofunguliwa kanisani, na hicho hakisemi uongo.

Yunis akamjibu, "Inategemea, dada." Kisha akaingia ndani, akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa, na hakutoka mpaka Naomi alipokwenda zake.

Mimi na Yunis tunaimba sauti ya pili pamoja kanisani, miaka mingi sasa. Haya ninayoyaandika amenieleza mwenyewe, machache niliyaona.

Yunis ni mkutubi wa shule ya sekondari hapa Kyela. Hafundishi, lakini wanafunzi wanamwita Mwalimu, naye ameacha kuwasahihisha. Chumba chake ni kile cha mwisho, karibu na tangi la maji. Ni kidogo, watoto hawaingii, wanapanga foleni dirishani. Kazi yenyewe aliyoajiriwa ni kutunza vitabu vya masomo, vile wanavyogawana watatu kwa kimoja, lakini moyo wake uko kwenye rafu ya riwaya za vijana. Nyingine zililetwa na wafadhili, nyingine aliziomba kwa watu, hata kwa wasafiri.

Hamuulizi mtoto anapenda kusoma nini. Anamuuliza habari za nyumbani. Mtoto akijibu kwamba ni nzuri, Yunis anamtazama kwanza, halafu anageuka na kuchomoa kimoja. "Chukua hiki. Kikikuchosha kirudishe, usione haya. Si wali wa ukweni huo useme lazima umalize."

Noa, mtoto wa fundi baiskeli, alikuwa mgomvi mpaka walimu walimchoka. Yunis akampa riwaya ya msichana anayeshindana mbio za baiskeli na wavulana.

"Mwalimu, mimi nisome mambo ya wasichana?"

"Soma. Ukimpita huyo msichana, uje unieleze."

Noa alikisoma polepole, kila sura akairudia, akaanza kukaa nacho dirishani badala ya kupigana nyuma ya choo. Watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Wazazi waliona. Walimletea Yunis ndizi na maparachichi, wakamwambia ndaga fijo, ndiyo asante sana ya kwetu, naye alizipokea. Siku hizi anasema zile asante ndizo zilizompofusha.

Mwaka wa mafuriko makubwa maji yaliingia maktabani, na riwaya zilikuwa rafu ya chini. Maji yalipopungua, Yunis na mlinzi walizitandaza juani juu ya mikeka, kama tunavyoanika kokoa. Siku ile ile Yunis akashikwa na malaria, akalala. Mlinzi hakujua. Kokoa unaigeuza, kila mtu wa hapa anajua, mtoto mdogo anatumwa kuigeuza. Lakini vitabu nani amewahi kuvigeuza? Vililala chali tu, juu vikakauka, chini vikashikana na mkeka na kuota ukungu. Yunis aliporudi, riwaya karibu zote zilikuwa na mwanzo mzima na katikati nzima. Kurasa za mwisho zilikuwa uji.

Mkuu wa shule alisema zichomwe.

"Mwenye mguu mmoja hachomwi," Yunis akamwambia kwa upole, na mkuu akacheka, akamwachia.

Basi ikawa hivi. Mtoto anasoma mpaka pale kurasa zinapoishia, anakimbia dirishani, na Yunis anamsimulia mwisho kwa mdomo. Watoto walipenda kuliko kusoma. Walikuja hata wasiokisoma kile kitabu, wakasimama nyuma kusikiliza. Vile alivyokuwa amevisoma kabla ya mafuriko, alisimulia kama vilivyo. Lakini vingine hakuwa amevifikia, na hakupenda mtoto aondoke na njaa. Alitunga. Alitunga hata mwisho wa kile cha Noa, ambacho hakuwa amekimaliza maji yalipoingia. Alitunga vizuri, Mungu amempa mdomo huo. Walioonewa walishinda, wagonjwa walipona. Hakuna aliyeuliza, na yeye hakuona kama ni jambo.

Naomi ana watoto wawili, Ipyana na Kisa. Kisa alikuwa kidato cha tatu katika shule hiyo hiyo. Ipyana alikuwa kijana wa kazi. Alikuwa akinunua vyungu kwa Wakisi kule wanakofinyanga, anavipakia kwenye mtumbwi, anavileta gulioni Lyulilo. Ijumaa moja upepo ulivuma mchana. Mtumbwi wake ulipatikana umepinduka, na majani ya migomba aliyofungia vyungu yanaelea. Yeye hakupatikana. Walitafuta pwani yote ya Matema, watu wakavuka mpaka kuuliza upande wa Malawi. Hakuna.

Msiba usio na kaburi ni mzito. Tulikaa pale kwa Naomi, tukaimba, tukapika, lakini hatukuwa na mahali pa kwenda kuzika. Mwishowe baba mdogo wa marehemu, mzee Wilson, akataja siku ya kuanua matanga, ili mama apumzike na binti arudi shule.

Kisa akarudi shule kabla ya siku hiyo. Hakusema na mtu. Alisimama dirishani mwa Yunis na wenzake walipoondoka alibaki. Yunis hakumuuliza habari za nyumbani. Alichomoa riwaya ya kijana aliyechukuliwa na maji akiwa juu ya magogo, na dada yake anayemtafuta kando ya mto. Alifikiri mwenye huzuni apewe mwenye huzuni mwenzake, wakae wote. Hicho alikuwa hajakisoma kukimaliza.

Kesho yake Kisa alikuwa wa kwanza dirishani.

"Mwalimu, kinaishaje? Pale ameona kitu cheusi kinaelea, ndipo kimekatika."

Yunis anasema aliuangalia uso wa yule mtoto. Anasema kilikuwepo kitambo cha kuvuta pumzi, na katika kitambo hicho angeweza kusema, sijui, mwanangu.

"Alirudi," akasema.

"Alirudi mzima?"

"Amekonda. Aliokotwa upande wa pili na watu wema, akaugua huko, akasahau hata jina lake. Alipopona akakumbuka kwao."

Kisa hakutabasamu. Alishukuru, akaenda.

Jioni alimwambia mama yake kwamba matanga yasianuliwe. Alisema imeandikwa. Upande wa pili kuna watu wema, kaka anaugua, hajakumbuka tu. Naomi, ambaye alikuwa anatafuta hata unyasi wa kushika, akashika huo. Mzee Wilson alikuja juu.

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye kitabu cha shule, baba mdogo."

"Kitabu cha shule kinamjua Ipyana?"

"Wewe umezika nini mpaka uwe na haraka?" Naomi akamwuliza shemeji yake, na mzee akachukua kofia yake. Matanga hayakuanuliwa. Naomi akaanza kumwekea mwanawe chakula kibarazani kila jioni, samaki kipande cha kati, amefunika na sahani. Kisa akawa anakosa shule siku za malori mengi, anakwenda Kasumulu kusimama pale mpakani na picha ya kaka yake, anawaonyesha madereva waliotoka Karonga, kule Malawi. Walimu wakaandika kwamba ni mtoro.

Yunis aliyaona yote hayo, nyumba zao zinatazamana. Aliona sahani ile ikiingizwa ndani asubuhi. Kanisani alianza kusimama nyuma yangu badala ya ubavuni. Siku tulipoimba wimbo unaoonya juu ya ulimi wa uongo, alifungua mdomo tu, sauti haikutoka. Nilimuuliza kama koo linamuuma, akasema ndiyo. Mara tatu alitoka nyumbani kwake kwenda kwa Naomi kusema ukweli, na mara tatu alipofika alisalimia, mugonile, akaomba chumvi. Alikuwa na chumvi ya kutosha kukausha samaki wa kijiji.

Ndipo Naomi akamuuliza swali lile nililoanza nalo, mtu anakaa muda gani ndipo anarudi. Yunis anasema afadhali Naomi angemlaumu. Lakini Naomi aliuliza kwa adabu, kama mgonjwa anavyomuuliza daktari.

Alimpigia simu Tuntufye, mwalimu waliyefahamiana kwenye mafunzo ya ukutubi Mbeya, akamwomba atafute kitabu kile kizima. Alitumaini, na hili amelisema huku anaangalia chini, alitumaini kitabu kimsaidie, kijana awe amerudi kweli. Tuntufye alikipata, akapiga picha kurasa za mwisho, akamtumia kwenye simu.

Kile kitu cheusi kilikuwa gogo. Yule dada analitazama mpaka linapita. Halafu anarudi nyumbani, anakuta wameshaivisha chakula, ananawa, anakula. Basi. Hakisemi kaka amekufa wala hakisemi amerudi.

Jumamosi Yunis alikwenda Kasumulu. Alimkuta Kisa kwenye kivuli cha lori la mbolea, anabishana na utingo.

"Dada, wiki jana si ulinionyesha picha hii hii?" utingo anasema. "Huyo kaka yako mimi sasa namjua kuliko mama yangu."

"Wiki jana ulisema utauliza."

"Nimeuliza. Nimeuliza mpaka wananiita Ipyana."

Kisa akacheka kidogo. Yunis anasema kicheko kile nusura kimrudishe Kyela, kwa sababu alikuwa hajakisikia tangu msiba na ndiyo kwanza anakuja kukizima. Alimvuta pembeni, kwenye benchi la mama muuza chai.

"Kisa, ule mwisho niliokusimulia haupo kitabuni. Niliutunga."

"Ule wa watu wema?"

"Wote. Nilikuwa sijakisoma. Mimi ndiye niliyemrudisha."

Kisa akauliza jambo ambalo Yunis hakulitegemea. "Na yule wa baiskeli wa Noa? Alishinda?"

"Huyo sijui, mwanangu. Huyo naye nilimtunga."

"Na yule bibi aliyepona?"

"Naye."

Akampa simu. Kisa akazisoma zile kurasa, anazikuza kwa vidole viwili, anarudi nyuma, anasoma tena. Chai ikapoa. Alipomaliza akamrudishia simu kwa mikono miwili, kama tunavyowafundisha.

"Hata walioandika hawasemi amekufa," akasema.

"Hawasemi."

"Wangesema tu." Kisha akasema, "Mimi ningeuliza mtu mwingine yeyote, Mwalimu, nisingeamini. Nilikuuliza wewe."

Walirudi Kyela kwenye gari moja, Kisa kiti cha mbele, Yunis nyuma.

Jioni ile Yunis alikwenda kwa Naomi, na safari hii hakuomba chumvi. Alipiga magoti penye jiko, akasema yote. Naomi alikuwa na ile sahani mkononi.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mimi nilidhani ni kitabu."

Hakugomba. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Aliifunua sahani, akamgawia Yunis samaki, wakala pale pale chini. Yunis anasema hajawahi kumeza chakula kigumu kama kile.

Matanga yakaanuliwa, mzee Wilson akasema maneno machache. Yunis hakukaa mkekani pamoja nasi. Alikaa nyuma anasugua masufuria, hata yale yaliyokwisha kusuguliwa, na nilipomwambia aje akataa kwa kichwa.

Kisa amerudi shule. Amerudia kidato kile kile cha tatu, wenzake wamempita, kwa ajili ya zile siku za Kasumulu. Anamsalimia Yunis barabarani vizuri kabisa, anapiga goti kidogo kama inavyopasa. Lakini dirishani hapiti. Akitaka kitabu cha masomo anamtuma mwenzake. Riwaya hagusi.

Dirishani mambo yamebadilika. Mtoto akija na kitabu kilichokatika, Yunis anasema, "Mwisho wake sina." Wananung'unika. Noa alimwambia, "Tunga tu, Mwalimu, sisi hatutakwenda Kasumulu," na wenzake wakacheka, naye Yunis akafunga dirisha mapema siku hiyo. Tuntufye anamtumia kurasa kidogo kidogo, na Yunis anazisoma kwanza peke yake kabla ya kumpa mtoto yeyote. Amegundua kwamba msichana wa baiskeli hakushinda. Bado hajapata moyo wa kumwambia Noa.

Nilimuuliza kama naweza kuandika habari zake, kwa sababu wako wengi wanaosema uongo wa kufariji, na mimi pia nimeusikia mwingi msibani. Nilidhani atakataa. Alifikiri huku anakunja kanga, akasema niandike, na jina lake nisilifiche. Akaongeza jambo moja, kwa kuwa anajua Kisa huja kwangu kuchukua maziwa.

"Akija, umwambie hivi. Simchagulii tena kitabu. Dirisha ninafunga, mlango naacha wazi, aingie achague mwenyewe. Mimi nitakaa nje mpaka amalize."