Jina la Kuitwa

Nilipoanza kazi ya masijala kwenye zahanati moja upande wa Makote, nilikabidhiwa kompyuta nikaambiwa programu iliyomo ni huria. Maana yake wameiandika watu wa kujitolea, kila mtu na nchi yake, na yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha. Nikauliza mwenyewe nani. Hakuna. Ila mlezi yupo: shirika lisilotafuta faida, linalotunza mitambo yao, kuwaitisha mikutano na kuwaamulia wakigombana. Wanagombana sana, kwa adabu.

Mimi niligombana nao juu ya jina. Programu ilitaka jina la kwanza na la ukoo. Sasa kwetu mwanamke akishazaa ni Mama Fulani, basi. Asubuhi moja nilimwita mama wa presha kwa jina lililo kwenye kadi yake ya kura. Niliita mpaka koo likakauka. Alikuwa mbele yangu kwenye benchi, ananiangalia kwa huruma, hajui kuwa ni yeye ninayemwita. Akachoka kusubiri, akaenda zake bila dawa, na keshokutwa yake akaletwa amezirai. Aibu niliyoipata sitaki hata kuisimulia.

Nikawaandikia kwa hasira, kwa Kiswahili. Dada mmoja wa shirika akanipigia simu. Hakunigombeza. Alinifundisha kueleza kasoro: ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini. Akatafsiri, akapeleka. Mjitoleaji mmoja akauliza kama Mama Fulani ni jina la utani. Mwingine akauliza kama wagonjwa wangu wanaficha majina kwa kuwakimbia polisi. Polisi! Bibi zangu wale!

Shirika likaitisha mkutano wa mtandaoni, likanitafutia mkalimani na chumba Masasi, maana mtandao wa kwetu una siku zake. Niliona wazee wenye mvi kwenye kioo, nikaanza na shikamooni. Mkalimani alikuwa analitafuta neno hilo kwenye lugha yao. Hakulipata, akawaambia nimesema habari za mchana. Nikaendelea hivyo hivyo.

Walikubali. Kikaongezwa kisanduku cha "Jina la kuitwa", maneno niliyachagua mwenyewe. Siku ya kwanza nilipoita Mama Fulani, yule mama wa presha aliinuka kabla sijamaliza. Nikaringa wiki nzima.

Msimu wa korosho ulipokwisha, mwanawe wa kwanza, huyo aliyempa jina, akafariki. Nilienda msibani. Kliniki iliyofuata nilimwita kwa jina lile lile, kwa sauti ya chini.

Nikamwambia yule dada wa shirika. Naye akawaambia wenzake, na mjitoleaji mmoja mwenye roho nzuri akapendekeza hivi: mtoto akiandikwa amefariki, programu ifute jina la kuitwa la mama yake, asije akaumia. Wengi wakaunga mkono. Mimi pia niliona ni busara. Dada ndiye aliyekataa. Akasema shirika halitapitisha kitu hicho kabla mwenye jina hajaulizwa, na wa kumuuliza ni mimi.

Nilimsubiri siku ya dawa, nikakaa naye kando.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kwamba kompyuta inaweza kuliondoa lile jina, likaandikwa la mwanawe anayemfuata marehemu. Akawa anakunja upindo wa kanga.

"Nyumbani wameshaliacha," akasema. "Majirani wananiita kwa huyu mdogo, wananionea huruma. Hata baba yake. Tangu tumzike, hapa kwenu tu ndipo ninapolisikia jina la mwanangu. Sasa na nyie mnataka kulifuta?"

Nilirudi kwenye kompyuta nikawaandikia neno moja, lisifutwe. Kisha nikasimama dirishani nikamwita kwa jina lile lile, Mama Fulani, kwa sauti yangu yote, mpaka waliokuwa nje wakageuka.

"Abee," akaitika.