Kuku Wawili na Mguu wa Kanun

Hebu mtazame Bunthan akiingia kijijini kwetu asubuhi ile. Lori limewashusha barabara kuu, na yeye anakuja kwa miguu kati ya mashamba ya mpunga. Nyuma yake yupo Kham Pun, tembo wake jike, na ubavuni mwa Kham Pun yupo Kanun, mtoto wa miaka mitatu, kichwa kimejaa nywele, anayesimama kila hatua kumi kunusa nguo za watu zilizoanikwa. Sisi Wakuy, wafuga tembo tangu mababu, mtu akirudi safari na tembo hurudi amekaa shingoni. Tukaulizana kama Bunthan ana jipu. Hakuwa na jipu. Alisema tu kwamba Kham Pun amebeba watu wa kutosha.

Miaka kumi na mmoja walikuwa kwenye kambi moja huko pwani, wakiwabeba wageni na kuwachorea picha. Kham Pun alishika brashi kwa mkonga, akachora mti wenye maua mekundu, wageni wakapiga makofi. Sisi tunaoijua kazi hiyo tunajua ni nani anayechora. Mchunga tembo husimama pembeni kashika sikio, akalivuta juu, chini, kushoto, na kiganjani ana msumari ambao wageni hawauoni. Bunthan alituonyesha nyuma ya sikio la Kham Pun, ngozi imekuwa sugu kama kisigino.

Sasa mwenye kambi alikuwa amepiga simu. Kanun amefika umri, afungwe kati ya magogo mpaka atii, kama ilivyo ada, afundishwe kupiga mpira na kucheza kwa miguu miwili, kisha warudi wote. Wakichelewa, nafasi yao atapewa mwingine. Na usisahau kwamba tembo wawili nyumbani wanakula kutwa nzima, na Bunthan ana shamba moja tu la mpunga.

Jambo kama hilo kwetu huulizwa kwenye kibanda cha kamba, ile kamba ya ngozi ya nyati ambayo babu zetu walikamatia tembo msituni. Unachemsha kuku, unawapelekea mizimu, kisha unachomoa mfupa wa taya na kuangalia ulivyojipinda. Bunthan akauliza kama Kanun afungwe. Mfupa ukatoka umepinda mbele sawasawa, mzuri kama umechongwa. Wamekubali.

Keshokutwa yake akachemsha mwingine, eti yule wa kwanza aliiva kupita kiasi. Wakakubali tena. Alipokuwa anamkimbiza wa tatu uani, mama mkwe wake, Bi Phim, aliacha kusokota hariri akamtazama.

"Mkwe wangu, unatafuta hapana au unatafuta mchuzi?"

Bunthan akakiri kwamba anatafuta hapana.

"Basi jogoo wangu muache, ndiye anayeniamsha. Ulipomfunga Kham Pun, wewe na marehemu baba yako, mfupa ulikuwaje?"

"Ulikuwa mzuri, mama."

"Na tembo alilia siku ngapi?"

"Tano."

"Nilizisikia zote tano, nikiwa nyumbani kwangu. Mfupa unakwambia kama kamba itakatika. Kama umfunge, hilo ni lako, usiwatwike waliokufa."

Bunthan akakaa chini palepale kwenye mavi ya kuku. Alasiri alimpigia mwenye kambi akamwambia hawarudi. Mkewe, Samruai, alinuna siku mbili, kisha akachukua jembe, na nusu ya shamba la mpunga wakapanda mabingobingo, majani ya kulisha tembo.

Lakini tembo asiyefunzwa chochote ataua jirani siku moja, na Bunthan alilijua hilo. Kwa hiyo akamfundisha Kanun kwa ndizi, polepole, bila kamba: kusubiri, kurudi nyuma, kuinua mguu ili aoshwe na kukatwa kucha. Siku Kanun asipotaka, anaondoka zake kwenda mtoni, na Bunthan anaila ndizi mwenyewe.

Wageni wakasikia. Wakaanza kuja wachache wachache, wakakaa kwenye benchi kumtazama akioshwa, wakanunua hariri ya Bi Phim, na mabingobingo yakipungua wanaleta miwa. Nyumba ile sasa ina kicheko. Samruai ananenepa.

Ila kuna jambo moja. Mgeni mmoja alipiga makofi mguu ulipoinuka, na Kanun akapenda. Siku hizi akisikia gari anatoka mbio mtoni, anasimama mbele ya benchi, anainua mguu hata kama ni msafi, na haushushi mpaka wapige makofi. Bi Phim hucheka hadi machozi. Bunthan naye hucheka, kisha huingia ndani, maana makofi hayo anayajua tangu kambini. Juzi aliniuliza kama amfukuzie wageni wale au amwache mtoto afurahi. Wewe ungemwambia nini?