Tangazo la Bati Msibani

Majina yao wote ninayo kichwani: mwenye redio, fundi wake, shemeji zangu, hata mpishi wa msiba aliyeunguza wali akasingizia kuni. Siyaandiki hapa. Jina la mtu hutajwa kwa heshima, na kwa hawa sikuona pa kuianzia.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipofungua mlango wa biashara, kila mwenye kibanda akawa kampuni, na kila mwenye kampuni akataka redio. Sisi tuliokuwa tumezoea redio moja nchi nzima tukaanza kuamshwa na muuza bati, anatusalimia kana kwamba ni mkuu wa mkoa. Huyo muuza bati ndiye aliyepanga vyumba vyangu vya mbele. Alikuja Songea na marobota ya mitumba kutoka mkoa mwingine, akahamia kwenye bati na saruji, halafu siku moja akabisha kwangu Mfaranyaki, akasema nyumba yangu imekaa mwinukoni, inafaa kwa mlingoti wa redio yake. Mume wangu akamkubalia. Mume wangu alikuwa hivyo, mtu akimsifia nyumba atampa na kiti cha kukalia.

Tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Alianza uuguzi kule Mbesa, hospitali ya misheni, kisha akapata nafasi Ulaya. Huko alikuwa hawezi kutoka mpaka karatasi zake zikamilike, akitoka asingeruhusiwa kurudi. Baba yake alipolala na kifua kile cha mwisho, sote tulijua kwamba binti hatafika kuzika. Alipiga simu analia. Mwenye redio alikuwa amesimama pale uani kama kawaida yake, akasikia, akajitia katikati.

"Mama, mwambie dada asilie. Nina fundi anakuja kutoka Dar. Redio yetu inaingia kwenye mtandao. Atakayekuwa na kompyuta Ulaya atasikia jogoo wa hapa akiwika."

Nilimwambia binti. Akatulia. Tangu siku hiyo kila akipiga aliuliza habari mbili, dadi, yaani baba yake, anaendeleaje, na fundi amefika?

Fundi akafika. Miwani ya jua amepandisha utosini, ingawa siku hiyo mawingu yalikuwa mpaka kwenye paa. Alipanda hilo paa, akatoboa bati kufunga dishi, akashuka bila kuziba. Mvua ya kwanza ikanyesha kwenye godoro la mgonjwa. Nilipomwambia mwenye redio, mtu ambaye duka lake limejaa bati hadi kwenye ukumbi, akasema ataleta kipande. Nakisubiri mpaka leo.

Nilikwenda vyumba vya mbele kumwona fundi huyo anafanya nini. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, mistari ya kijani inapanda na kushuka kwenye kioo.

"Shikamoo Bibi. Karibu uone teknolojia. Hii programu inasafisha sauti kabla haijaingia mtandaoni."

"Marahaba. Inasafisha nini? Sauti zetu zina matope?"

"Hapana, Bibi." Alicheka vile watu wa Dar wanavyocheka, pua kwanza. "Sauti kubwa inashushwa, ndogo inapandishwa. Kelele za nyuma zinakatwa, jogoo, mvua, watu wanaopiga domo nje. Inapita sauti ya kwenye maikrofoni tu."

"Mwenzako ametuahidi jogoo."

"Jogoo si wa kisasa."

"Na huu mstari mwekundu?"

"Huo ni wa kimya. Sauti ikipotea, programu inaweka kitu yenyewe, muziki au tangazo. Msikilizaji wa mtandaoni hana subira, akisikia kimya anahama. Redio ikinyamaza imekufa, Bibi."

Hapo ndipo nilipomweleza, na nilimweleza taratibu kama mtu anayemlisha mtoto uji. Katika ukoo wa mume wangu, mzee akifa, kabla jeneza halijatoka uani hutajwa majina ya waliomtangulia. Huanza lake, la baba yake, la babu yake, kurudi nyuma mpaka kwa yule aliyekuja na mkuki kutoka kusini. Jina likitajwa, watu wananyamaza. Si kunyamaza kwa kuvuta pumzi, ni kunyamaza mpaka jina litue. Ndipo linafuata lingine. La mwisho likishatua, kilio kinafunguliwa, hata mwanaume analia na hakuna wa kumcheka. Majina hayo hutajwa mara moja tu, hayarudiwi. Nikamwambia, binti yangu anasubiri hicho. Kwa hiyo siku hiyo, mwanangu, mashine yako ivumilie kimya.

"Usijali Bibi, nitarekebisha."

Nilimtazama machoni. Kuna watu wanasema usijali kama wengine wanavyopiga chafya.

"Wewe umeshaisikiliza inavyotoka huko mtandaoni?"

"Haiwezekani hapa. Mtandao wa Songea unatosha kupeleka, kurudisha hauwezi. Lakini ukiona kijani inacheza namna hii, ujue ni safi."

Yaani alikuwa anapika chakula asichoweza kuonja, anatazama moshi na kusema kimeiva. Na mwenye redio, na watangazaji wake waliojifunza kuongea kwa puani, wote walikuwa wakikizunguka kile kioo na kusifia kijani. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia redio yao ya mtandaoni. Mjini walikuwa wakitembea wanawaambia watu kwamba wanasikika duniani kote.

Mume wangu alifariki asubuhi moja wakati napasha maji ya kumwosha. Nitaacha hapo. Msiba huo ni wangu.

Siku ya kuzika uani kulijaa. Padri akamaliza sala zake, ikafika zamu ya majina. Kwa desturi anayetaja ni mwanaume wa ukoo. Shemeji zangu wakaanza kukohoa. Mkubwa wao anajua mpaka babu, akizidi hapo anawarudia wale wale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mdogo wake aliishi Tunduru akitafuta vito, akarudi bila vito na bila majina. Mimi nilifundishwa majina hayo na mama mkwe wangu, nikiwa bibi harusi wa mwaka wa kwanza, tukitwanga. Kwa hiyo walinisogezea maikrofoni, waya umepitishwa dirishani, na huku wakifanya uso wa watu walionipa zawadi.

Nikataja. Jina, kimya. Jina, kimya. Uani pale hata watoto walishikwa vichwa watulie. Vyumba vya mbele niliona mgongo wa fundi dirishani, ameinamia kioo chake. La mwisho likatua, kilio kikafunguka, kikapanda mpaka barabarani, na wapita njia wakasimama wakavua kofia. Jeneza likatoka.

Waliokuwa na redio za kawaida mjini walisikia kila kitu sawasawa. Kwa hiyo tuliporudi kutoka makaburini, mwenye redio alikuwa anapokea pongezi mlangoni kwangu kana kwamba yeye ndiye aliyefiwa. "Imekwenda safi," anasema. "Mpaka Ulaya." Fundi naye sahani ya pili ya wali, ule ulioungua.

Simu ya binti ikaita. Nikaipokea nimekaa mkekani, kanga imefunika kichwa.

"Mawu," akasema. "Mawu, kwa nini mmefanya vile?"

"Tumefanya nini, mwanangu?"

"Nimekaa na wenzangu wa nyumbani, tumevaa kanga, tumezima hata jiko. Ukataja jina la dadi, mara ukaingia wimbo. Bati, bati, bati bora, njoo ujipatie. Ukataja la babu, wimbo tena. Kila jina. Mmoja hapa akaanza kucheka, akatoka nje kwa aibu."

Nikamtazama fundi. Alikuwa anachambua mfupa.

"Na mwisho," binti akasema, sauti imeshuka sana, "sikusikia mtu hata mmoja akilia. Ulimaliza, ikaja bati. Kwani dadi hawakumlilia?"

Hilo ndilo lililoniinua. Nikanyanyuka na simu, nikamwita mwenye redio na fundi wake chumbani kwa marehemu, chini ya tundu la dishi. Nikawaambia maneno ya binti kama yalivyo. Mwenye redio akamgeukia fundi.

"Si nilikwambia uweke muziki laini?"

"Uliniambia tangazo la duka liwe la kwanza."

"Nilisema liwe la kwanza, sikusema msibani."

"Sasa kompyuta itajuaje kuna msiba?"

"Wewe ulijua," nikamwambia. "Ulikula hapa kila siku."

"Bibi, ni kitu kidogo, ni kubadilisha namba tu. Tukirudia sasa hivi..."

"Utarudia nini? Utamtoa huko alikolala umrudishe uani?"

Mwenye redio akatoa kitambaa akajifuta shingo. Akasema atatoa tangazo la kuomba radhi, la bure, asubuhi na jioni. Nikamwambia asithubutu, maana najua lingefuatiwa na nini, nikawatoa wote wawili nje.

Binti alikuwa bado kwenye simu. Alikuwa amesikia yote. Nikakaa kwenye kitanda kile kitupu. Majina hayarudiwi, mama mkwe wangu alinikatalia hata kuyajaribu kwa sauti siku za kawaida. Lakini nikajiuliza, jina lililofika sikioni likiwa na bati nyuma yake, limetajwa hilo? Kwa binti huyu nilikuwa sijayataja bado. Mama mkwe kama ana neno ataniambia tukionana.

"Wapo wenzako hapo?"

"Wapo."

"Waambie wakae chini."

Nikalitaja la baba yake. Kisha nikanyamaza. Kwenye simu watu hawawezi kunyamaza, unajua, mtu akikosa sauti kidogo tu anaanza haloo, haloo, upo? Nilingoja aanze. Hakuanza. Nikasikia pumzi yake, na nyuma yake pumzi za wengine, na mbali sana kitu kama gari linapita kwenye maji. Nikataja la babu yake.

Tulikuwa tumefika katikati ya ukoo, kwenye kimya, fundi akachungulia mlangoni.

"Bibi, imekatika?"

Nilimwonyesha kidole, aondoke, akaondoka. Nikangoja upya mpaka jina litue, kwa sababu alikuwa amelikanyaga. Ndipo nikaendelea, mpaka kwa yule wa mkuki.

Alipotua huyo, kilio kikafunguka huko Ulaya. Wanawake wanne au watano, si zaidi, ndani ya chumba chenye baridi. Nikaitoa simu sikioni, nikaishika juu, ili chumba cha marehemu kisikie.