Mchanga wa Karasha Darini

Mume wangu alipofariki, dari ya chumba chetu ilikuwa imekamilika nusu. Upande wa mlangoni ulikuwa na vipele vya saruji alivyovirusha mwenyewe, vya kijivu, vikubwa kwa vidogo. Upande wa dirishani zilikuwa bodi tupu, vichwa vya misumari vinaonekana. Mpaka wa pande hizo mbili ulipita juu ya kitanda, pale ninapolala mimi.

Dari ya namna hiyo aliiona kwenye nyumba ya wageni Mugumu, akarudi kwetu Matongo akiisimulia kama mtu aliyeona mnyama mgeni. Akaazima mashine kwa mdogo wake: kisanduku cha bati chenye mkono wa kuzungusha, kinachorusha uji wa saruji nyeupe ukanata juu kwa matone. Uji huo unataka mchanga laini. Yeye alifanya kazi karasha, kinu cha kusaga mawe ya dhahabu, na hakuna mchanga laini kuliko unaobaki pale dhahabu ikishatolewa. Akauleta huo. Wengi hapa kwetu wamepigia lipu mchanga wa karasha. Ni wa bure, na unang'aa kidogo. Wiki hiyohiyo alianguka kazini, akaletwa nyumbani amefunikwa.

Matanga yalipokwisha na wageni kuondoka, ndipo nilipoona kwamba chembe zinadondoka. Kila asubuhi zilikuwa juu ya chandarua. Nilizipukuta, nikafagia, zikarudi. Nikasogeza kitanda dirishani, usingizi ukakataa, kwa sababu nilikuwa nimetoka chini ya kazi yake. Nikakirudisha. Kesho yake nikakigeuza, kichwani pakawa miguuni. Jirani aliyesikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafu aliniuliza kama ninahama. Hata shambani nilipalilia mstari mmoja na kurudi nyumbani kutazama juu, kama mtu aliyeacha chungu motoni.

Kisha binti yetu akajifungua mtoto wake wa kwanza. Akapiga simu kwamba anakuja kwangu mpaka apate nguvu. Chumba cha kumlaza na mtoto kilikuwa hicho hicho.

Nikamwita shemeji, yule mdogo wa mume wangu, ambaye ni fundi rangi. Alikuja na mashine ileile. Alipanda mezani, akapitisha kidole kwenye vipele, mchanga ukammwagikia usoni.

"Malizia upande wa dirishani," nikamwambia. "Huo wa mlangoni uache."

"Dari siyo kitenge, shemeji, pindo moja liwe na maua na jingine lisiwe nayo."

"Wewe malizia tu."

Akajifuta macho, akautazama mchanga kiganjani. "Huu ni wa karasha?"

"Ndiyo."

"Kaka yangu na vitu vya bure." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Huu umepitia zebaki, shemeji. Mtoto atalala chali hapa kutwa, mdomo wazi. Lazima utoke wote."

"Huwezi kuufunika?"

"Nitarushia juu ya nini? Wenyewe haujajishika."

Nikatoka nje. Nikaenda kwa kuku, nilikuwa sina cha kuwapa. Nikarudi mlangoni, nikaenda tena kwa kuku. Shemeji alikuwa amekaa kizingitini na kikombe cha chai, hakuniharakisha. Mwishowe akauliza, "Nikwangue?"

"Nitakwangua mwenyewe."

Tukailowesha dari ili vumbi lisiruke. Nikajifunga kanga puani, nikapanda mezani na mwiko wa kupigia lipu. Nilitaka kazi hiyo iwe ngumu. Haikuwa ngumu. Vipele viliachia vyenyewe, kama maganda ya kiazi kilichochemshwa. Kwenye kona ya mlango, mahali ambapo mashine haikufika, mume wangu alikuwa amebandika kwa mkono, na alama za vidole vyake zilikuwepo. Mwiko ukasimama.

"Hata hapo, shemeji," alisema taratibu.

Nikakwangua hata hapo. Mchanga tuliufukia mbali na mahindi na mbali na kisima.

Shemeji alirusha dari yote upya kwa mchanga wa mtoni uliochekechwa. Kona ya mlango aliniachia. Nilibandika kwa mkono, kwa pupa, vipele vyangu vikatoka vinene, vimelegea.

"Tutasema fundi alikuwa na usingizi," akasema.

"Fundi si ndiye wewe?"

"Basi tutasema ni wewe."

Binti alifika jua likiwa kali. Alimlaza mtoto kitandani, akalala kando yake, akatazama juu. Alikuwa ameiona ile nusu wakati wa msiba. Macho yake yakasimama kwenye kona ya mlango.

"Baba alijitahidi," akasema.

Ningeweza kunyamaza, naye angelala vizuri.

"Hiyo ni kazi yangu," nikamwambia. "Ya baba yako nimeikwangua. Mchanga ulikuwa na sumu, ulikuwa unadondoka."

"Yote?"

"Yote."

Akaweka kiganja juu ya uso wa mtoto, bila kumgusa, kama anayemkinga na kitu.

"Baba angenuna," akasema.

"Siku nzima. Kisha angetafuta ngazi aje anionyeshe nilivyokosea pale konani."

Akacheka, halafu akalia, na mtoto akaamka. Nikainuka kwenda kuwasha moto wa maji ya kumwogesha. Maji yalikuwa yameshachemka tangu hawajafika. Nikauwasha moto tena hata hivyo.