Shokapu za Kilo Themanini na Nne

Shokapu za mtumba zina uongo mwingi kuliko washitakiwa wa mahakama ya mwanzo, lakini mie hazinidanganyi. Shule niliishia darasa la nne. Hata hivyo, niletee shokapu yoyote nitakwambia imebakiza maisha kiasi gani. Kwanza nafuta vumbi kwa kidole niione ile fimbo inayoingia na kutoka. Ikiwa na vidonda vya kutu, hata vidogo kama kichwa cha sindano, sili inayozuia oili haimalizi mwezi. Pili nanusa. Ikinuka petroli, ujue imeoshwa jana kuficha oili iliyovuja. Mwisho naisimamisha chini naikandamiza kwa kifua. Ikiruka kama chura, imekufa. Ikirudi taratibu, kama mtu anayeamka kitandani siku ya mapumziko, hiyo ni nzima, toa hela.

Hakuna aliyenifundisha. Nilianza maisha Mbagala kwa kubeba saruji mgongoni, kutoka dukani hadi saiti, mfuko mmoja mmoja. Nikapata mkokoteni. Nikapata mashine ya kufyatulia matofali. Leo nina viwanja viwili vya matofali na lori, na cheti sina hata cha ubatizo, maana kilipotea. Wenye digrii zao wanakuja kunikopa matofali, wananiita bosi.

Mke wangu nilimkuta saiti, akiuza uji wa ulezi kwa mafundi. Alikuwa ametoka bara, mwanamke wa kujaa mlango, na mie nikajivunia mwili wake kama vile niliujenga mwenyewe. Kwenye harusi za watu nilikuwaga natangaza: "Huyu wangu ana kilo themanini na nne, na bado anaendelea!" Yeye ananipiga kibao cha bega, anasema, "Nyie msimsikilize, huyu hata mke anampima kama kokoto."

Nyumba nilijenga Kibamba, ndani huko, juu ya kilima. Nilichagua juu makusudi, ionekane. Sikuifikiria njia. Mvua za miaka miwili zimeichimba ile njia mpaka ikawa korongo, gari linaishia chini kabisa, na kutoka hapo ni miguu yako au bodaboda.

Mambo yalikuwa hivyo mke wangu alipogundulika na saratani, ikaingia kwenye mifupa. Kila wiki ilibidi ashuke kile kilima kwenda hospitali mjini. Bodaboda hakuweza, mikono haikuwa na nguvu ya kushika. Mara moja tuliwaita wanaume wanne wakambeba kwenye kiti cha sebuleni. Majirani walitoka kuangalia. Alilia njia nzima, na si kwa maumivu. Aliniambia, "Nimekuwa kabati mie? Nahamishwa?"

Ndipo nikanunua pikipiki ya magurudumu manne, yale madude ambayo watu wa mjini wanakodi wakacheze nayo mchangani kule Kigamboni. Aliyeniuzia alikuwa anafunga biashara yake ya ufukweni. Nilichomelea kiti cha nyuma chenye egemeo na mikono, nikaweka godoro. Tatizo moja tu: shokapu mbili za nyuma zilikuwa zimekufa. Safari ya kwanza mke wangu aling'ata upindo wa kitenge kutoka mlangoni mpaka lami. Tulipofika chini, kitenge kilikuwa na tundu.

Shokapu mpya za dude lile hazishikiki kwa bei, na hela nyingi ilikuwa inaenda kwenye dawa. Nikaenda Tabata, kwenye vibanda vya spea za mtumba. Kibanda nilichoelekezwa ni cha mama mmoja aliyeachiwa biashara na marehemu mumewe. Shokapu zake zimening'inia juu kama samaki wa kukaushwa, na yeye amekaa chini yake anamenya viazi.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, japo tulikuwa rika moja, ili bei ilainike.

"Usinizeeshe, braza. Unatafuta nini?"

Nikamweleza. Akatoa jozi mbili. Zote hazikuwa zile zilizozaliwa na dude langu, zilikuwa za kampuni nyingine, za kubadilishia, lakini urefu ulilingana. Nilipima kwa kamba, tundu hadi tundu. Jozi moja ilikuwa na springi nyembamba. Nyingine springi yake nene kama kidole gumba changu, nyekundu. Zote zilikuwa na pete ya chini yenye meno, ya kukazia au kulegeza springi. Nilizikagua zote. Nzima.

"Inabeba mzigo au mtu?" akauliza.

"Mtu. Mgonjwa."

"Ana kilo ngapi?"

"Themanini na nne," nikasema. Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyotaja jina lake.

Aliacha kumenya. "Mgonjwa wa kilo themanini na nne?"

"Mama, mke wangu mie namjua."

"Haya. Kama ndivyo, chukua hizo nene. Ila zile nyembamba ni laini zaidi, kwa mgonjwa ningekushauri hizo."

Nikamcheka. Nikamwambia mie nina lori, springi naijua tangu yeye hajajua hata kutofautisha shokapu na pampu ya baiskeli. Laini zinachoka. Laini ni za watu wa kuchezea mchangani. "Mke wangu si wa kumpandisha kwenye kitu cha bei ya kuchezea," nikasema, na bado nikambana bei mpaka akaniita mchawi. Niliondoka na zile nyekundu begani, nikihisi nimeshinda.

Fundi wangu wa lori alizifunga siku hiyohiyo. Nilikaa mwenyewe kile kiti cha nyuma, fundi akaendesha, tukashuka na kupanda kilima mara tatu. Raha tupu. Unapita kwenye korongo unahisi kama unapita kwenye mkeka. Nilimwambia apige honi majirani watoke waone. Mie nina kilo mia na kumi na mbili.

Jumatatu tukashuka kwenda hospitali. Njia nzima nilikuwa naongea, namweleza nilivyomkomesha yule mama wa Tabata, na nilivyogundua ile jozi ni nzima kwa kunusa tu. Nyuma kimya. Nikadhani anasikiliza. Tulipofika lami nikageuka. Midomo yake ilikuwa nyeupe. Alinyanyua mkono, akautua kwenye godoro, akasema taratibu, "Hizi shokapu ulimnunulia nani?"

Nikamjibu atazizoea.

Hospitali mie nilikuwaga nabaki nje, kwenye maegesho. Kule ndani sikupendi, unaambiwa mambo ya Kizungu na watoto wa juzi. Ila siku ile hakuweza kutembea peke yake, nikaingia naye mpaka chumba cha kupimia. Nesi akamsimamisha kwenye mzani, akaandika, akasema kwa sauti, "Arobaini na tatu."

"Dada," nikasema, "mzani wenu mbovu."

"Si mbovu, baba."

"Mie nauza kokoto. Mizani unamfundisha nani?" Nikavua viatu, nikapanda mwenyewe mbele ya foleni nzima, nikidhani nitamwaibisha. Mshale wa mzani ukaenda mpaka mia na kumi na mbili, ukatulia.

Nesi hakunicheka. Alinionyesha kadi, kidole chake kikishuka mstari kwa mstari: sitini na moja, hamsini na tano, hamsini, arobaini na sita. Miezi yote hiyo kadi ilikaa kwenye mkoba wa mke wangu, na mkoba nilikuwa naubeba mie.

"Nilikwambia nguo zinanipwaya," mke wangu akasema. "Ukasema utaninunulia nyingine."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Kesho yake nilirudi Tabata. Yule mama aliniona kwa mbali, akaanza kutabasamu kama aliyepata nafasi ya kunirudishia maneno yangu, halafu akaniangalia usoni akaacha.

"Zile nyembamba zipo?"

"Zipo. Kwani ana ngapi?"

"Arobaini na tatu."

Alizitazama shokapu zilizoning'inia. Akasema, "Na mie marehemu mume wangu nilikuwa namkatia nyama ya nusu kilo mpaka wiki ya mwisho. Nani angeila?" Akapanda kwenye stuli, akazishusha. Bei aliyotaja ndiyo niliyolipa. Akaniambia, "Safari hii usijaribu kwa mwili wako. Shokapu inamsikia aliyeikalia. Funga mzigo wa uzito wake, ndiyo ujaribu."

Mfuko wa saruji ni kilo hamsini. Hilo hata nikiwa usingizini nalijua, mgongo wangu unalijua. Fundi alipokuwa anafunga zile nyembamba, nikatoa mfuko mmoja kwenye lori kule chini ya kilima, nikaupandisha kwa bodaboda mpaka uani, nikaufungua kwenye kona, nikachukua kopo, nikaanza kupunguza. Kilo moja. Mbili. Nilipofika ya saba nikaukunja mdomo, nikaufunga kwa kamba. Nikaunyanyua kuupeleka kwenye kile kiti. Ulinyanyuka kirahisi mno. Nilikuwa nabeba mizito kuliko huo nikiwa kijana mwenye njaa, ninakimbia nayo, na yeye amekaa pale na sufuria la uji ananitazama. Niliushikilia kifuani pale uani, nikashindwa kuutua.

"Huyo ni nani umemkumbatia?" mke wangu akauliza kutoka kibarazani.

"Ni wewe."

Akautazama. "Mbona mnanuka vumbi wote wawili?" Akacheka, mpaka ikabidi ashike ubavu.

Nikaufunga kwenye kiti cha nyuma. Ili uzito wangu usiharibu kipimo, nilimpa usukani fundi, ambaye ni mwembamba, mie nikawa nakimbia kando kwa miguu, naangalia magurudumu. Kilima chote nilishuka hivyo, mtu mzima na kitambi changu, nikipiga kelele, "Polepole! Legeza! Simama!" Kila tuliposimama fundi alizungusha ile pete jino moja, springi ikalegea kidogo. Majirani wakasema bosi amerukwa na akili. Tulirudia mara tano, mpaka mfuko ukapita kwenye korongo bila kuruka.

Jumatatu iliyofuata nilimpandisha mke wangu na kumwachia fundi usukani. Mie nilitembea pembeni nimeshika egemeo. Katikati ya kilima niliona kichwa chake kimeinama, nikashituka, nikamwita. Akafungua jicho moja.

"Niache, nimesinzia."

Sijawahi kupata sifa iliyonifurahisha kama ile, wala sikumwambia mtu.

Alikuwa na safari nne za namna hiyo. Kila tulipotoka hospitali niliuliza mzani umesema nini, na jioni fundi alilegeza jino. Arobaini na moja. Thelathini na tisa. Wiki ya tano daktari alisema tusimsumbue tena kushuka, akae nyumbani. Alikaa siku kumi na moja. Siku ya mazishi wanaume walikuja wengi kubeba jeneza kushuka kile kilima, wakapangana sita, na niliwaona wanavyotazamana walipolinyanyua.

Dude bado ninalo, napanda mie, maana njia bado ni ile ile. Kwa uzito wangu hizi shokapu nyembamba hazifai kitu. Kwenye kila shimo zinagonga mpaka chini, ko! Wiki iliyopita nilimwita fundi anikazie nati ya taa iliyolegea. Akachuchumaa nyuma, akasukuma kiti kwa mkono, akatikisa kichwa.

"Bosi, zile nyekundu bado ziko stoo. Dakika ishirini tu nazirudisha. Hizi zitakuvunja mgongo."

"Nimekuitia taa," nikamwambia. "Kaza taa."