Kufuli Aliloliweka Fundi Bando

Ukimpelekea Fundi Bando kompyuta, usitegemee kuichukua bila karatasi. Ataigeuza, atabandika chini yake kijikaratasi cheupe kwa selotepu, na hapo ataandika kwa kalamu ya wino kila alichokigusa: kawasha nini, kazima nini, saa ngapi, na mwisho jina lake kamili na sahihi. Wateja humtania. Mmoja aliwahi kumuuliza kama hiyo ni kompyuta au hati ya kiwanja. Yeye hucheka kwa adabu tu, kisha huendelea kuandika. Wanaodhani ni madoido ya biashara hawajui alikotoka, na mimi nimechoka kusikia akichekwa, kwa hiyo nitasimulia.

Jina la Bando hakupewa na wazazi. Wazazi walifariki akiwa na miaka saba, akabaki na dada yake aliyemzidi miaka kumi na mmoja. Dada huyo ndiye aliyemwogesha, aliyemfunga kamba za viatu, aliyesimama mbele ya walimu kama mzazi wakati yeye mwenyewe bado ana sura ya mwanafunzi. Alijifunza kupiga taipu, akapata kazi ya ukatibu muhtasi katika chuo kidogo cha uuguzi, chumba cha pili kulia ukiingia, na hapo alikaa miaka ishirini na saba. Aliwaandikia barua wakuu wa chuo watano, na wote watano walikuwa wakimuuliza yeye namna ya kuanza sentensi. Mdogo wake alipomaliza masomo ya kompyuta na kuzunguka mwaka mzima na bahasha mkononi bila kazi, ni dada aliyeingia kwa mkuu akasema, "Mdogo wangu ni fundi. Mjaribuni." Wakamjaribu, wakamchukua.

Chuo kilikuwa na kompyuta tisa na bando moja la intaneti, na bando hilo halikuwahi kufika tarehe kumi na tano. Mhasibu alililalamikia kila kikao, mpaka watu wakawa wanajua atakohoa wapi na atavuta pumzi wapi. Fundi akachunguza, akawagundua walaji: ni kompyuta zenyewe. Kila moja ilikuwa ikijipakulia masasisho, yaani vile viraka ambavyo watengenezaji huvituma kuziba matundu kabla wezi wa mtandaoni hawajapita. Basi Jumatano moja akapita chumba hadi chumba, akayazima yote. Wala hakuyazima hivihivi. Aliyapiga kufuli, ili asije mtu mwingine akayawasha kwa kubonyezabonyeza. Hakumwambia mtu yeyote siri yake, maana alitaka ionekane kama miujiza.

Na ilionekana hivyo. Mwezi ule bando lilifika tarehe thelathini na kubaki. Mhasibu akamsimamisha mbele ya wafanyakazi, akampa mkono, na tangu siku hiyo akawa Fundi Bando. Dada yake alitabasamu wiki nzima.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu wetu alikuwa amewafungia mlango hata wale waliokuwa wakija kuuziba ufa bure. Miaka mitatu ikapita salama, akasahau kabisa kwamba mlango aliufunga yeye.

Kisha Jumatatu moja asubuhi, mwanafunzi akamletea dada flashi yenye ripoti ya kuchapa. Dada akaichomeka, kama alivyochomeka mamia kabla yake. Kufikia saa nane mchana, kompyuta zote tisa zilikuwa hazifungui faili hata moja, na ripoti za mazoezi ya wodini za wanafunzi arobaini na mmoja wa mwaka wa mwisho zilikuwa zimegeuka herufi zisizosomeka. Wanafunzi hao walibakiza wiki tatu kuhitimu. Wengine walikaa chini koridoni wakilia.

Jumanne, fundi alisoma habari za kirusi hicho kwenye simu yake, akiwa amesimama stoo. Kilikuwa kimepita kwenye tundu ambalo kiraka chake kilitolewa miaka miwili nyuma. Kompyuta yoyote iliyokuwa ikijisasisha yenyewe isingeambukizwa. Akakaa juu ya boksi la karatasi.

Alilijua hilo peke yake. Wengine walijua jambo moja tu: programu ya kukagua virusi ilionyesha kwamba iliyoambukizwa kwanza ni kompyuta ya katibu muhtasi, saa nne na dakika kumi na mbili, kutoka kwenye flashi. Bodi ya chuo ikataka mambo mawili kufikia Ijumaa saa sita mchana. La kwanza, kompyuta zote ziwe safi na masasisho yanajiendesha yenyewe. La pili, jina la aliyesababisha. Hilo la pili watu waliliona limeshapatikana. Dada alikuwa amebakiza miezi minane tu astaafu, na sasa, badala ya kuagwa, angefukuzwa kwa uzembe, na barua ya kumfukuza ingewekwa kwenye faili ambalo jina juu yake aliliandika yeye mwenyewe kwa mwandiko wake mzuri.

Fundi alijiambia atasema Jumatano. Jumatano akajiambia atasema akishamaliza kazi, ili aseme akiwa na la maana mkononi. Ukweli ni kwamba aliogopa. Alikuwa na mke, watoto wawili, na jina ambalo nusu ya mji ilimwita kwa sababu ya jambo lilelile lililomwangusha dada yake. Usiku hakulala, mchana hakula, na bado hakusema.

Ijumaa asubuhi ilibaki kompyuta moja, ya dada. Nane za kwanza alikuwa ameshazisafisha na kuzirudishia masasisho. Alikaa kwenye kiti cha dada chenye mto alioushona mwenyewe, akafungua ukurasa wa masasisho. Juu yake kulikuwa na maandishi mekundu: Baadhi ya mipangilio inadhibitiwa na shirika lako.

Dada alikuwa nyuma yake, akisoma kwa sauti kama alivyozoea kusoma kila kitu.

"Shirika gani tena?" akauliza.

"Ni kirusi hicho, Dada. Kimefunga."

Neno hilo lilimtoka jepesi, na ndilo lililomuumiza zaidi, jinsi lilivyokuwa jepesi. Kufuli lile lilikuwa lake. Alilijua kama mtu anavyojua mwandiko wake. Dada akasema, "Haya, ngoja nikuletee chai," akatoka.

Akaliondoa kufuli. Akabonyeza kutafuta masasisho. Kosa. Akabonyeza tena. Kosa lilelile. Ilikuwa kama zile nane: kirusi kilikuwa kimeharibu folda ambamo kompyuta huhifadhi masasisho yake, na dawa ni moja tu, kuifuta folda hiyo yote ili kompyuta ianze upya. Lakini ndani ya folda hiyohiyo ndimo inamokaa historia. Fundi akaifungua historia, akaitazama. Mwezi baada ya mwezi, sasisho moja baada ya jingine, yote yamefaulu, mpaka Jumatano ile ya miaka mitatu iliyopita. Baada ya hapo hakuna kitu. Mtu yeyote angeiona tarehe, angeilinganisha na siku fundi alipopita chumba hadi chumba, na angejua kwamba kompyuta hii haikuangushwa na mkono wa katibu muhtasi.

Folda za zile nane alikuwa amezifuta akijipa moyo kwamba hii ya dada bado ipo. Sasa haikuwepo nyingine. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, na picha moja isingemchukua hata sekunde mbili.

Dada akarudi na kikombe, akakiweka juu ya daftari ili kisichafue meza. "Kunywa kabla haijapoa," akasema. "Na mambo yangu yasikusumbue. We fanya kazi yako vizuri, wasije wakasema na wewe huwezi." Akampigapiga begani, akaenda kupanga mafaili ambayo hakuna aliyemwomba ayapange.

Fundi akanywa chai. Ilikuwa na sukari vijiko vitatu, kama alivyokuwa akiipenda utotoni, na hakuna mtu mwingine duniani aliyekumbuka hilo. Akaiweka chini. Akaifuta folda.

Safari hii kompyuta ilitii. Asilimia tano, asilimia thelathini, ikajizima, ikajiwasha, ikaendelea. Saa sita kasoro robo ikaonyesha alama ya kijani na maneno: Kompyuta yako imesasishwa. Kazi ilikuwa safi kabisa.

Ofisini kwa mkuu walikaa wanne: mkuu, mhasibu, dada na fundi. Mkuu, mtu mpole ambaye hakuipenda kazi ya siku ile, alimshukuru fundi kwanza. Kisha akavaa miwani, akaanza kusoma barua ya dada. Alisoma polepole. Alipofika kwenye neno "uzembe," dada aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesahihisha tahajia. Hapo fundi alishindwa kuvumilia.

"Mkuu, siyo Dada. Ni mimi. Nilizima apdeti za chuo kizima miaka mitatu iliyopita, ndiyo maana bando likawa linatosha. Kirusi kimepita hapo."

Mkuu akavua miwani.

"Fundi," akasema taratibu, "sote tunajua huyu ndiye mama yako kwa malezi. Hata mimi ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo. Damu nzito kuliko maji. Lakini unaweza kutuonyesha?"

Wakaenda wote mpaka chumba cha pili kulia. Fundi akafungua ukurasa wa historia. Kulikuwa na mistari mitatu, yote ya leo, yote imefaulu. Hakuna kufuli, hakuna Jumatano, hakuna chochote.

"Niliifuta," akasema. "Asubuhi hii. Hata kwenye zile nane."

"Sasa mtu afute ushahidi wa kosa lake," akauliza mhasibu, "halafu saa hiyohiyo aje aseme kosa ni lake? Kwa nini?"

Swali lilikuwa la haki, na jibu la kweli lisingeaminika. Nami nasema, mhasibu naye hakuwa na hamu ya jibu. Alikumbuka vizuri ni nani aliyempa fundi mkono mbele ya wafanyakazi, na kwa sababu gani.

Dada ndiye aliyewaokoa. Alicheka, kicheko kidogo, chenye fahari. "Mkuu, mwacheni. Huyu ameanza kunitetea tangu darasa la pili. Aliwahi kumwambia mwenye nyumba kwamba dirisha alivunja yeye, na jiwe nilirusha mimi." Wote wakatabasamu. Mkuu akaweka sahihi.

Walitoka pamoja, dada akiwa na mfuko wa vitu vyake: kile kikombe, ule mto, kalamu tatu. Kwenye ngazi akasimama, akamrekebishia kola.

"Ahsante, mdogo wangu. Lakini usidanganye tena kwa ajili yangu. Utaharibu kazi yako."

"Sikudanganya, Dada."

Akamtazama. Yeye ndiye aliyemfundisha kusema kweli na yeye ndiye aliyejua sura yake akisema uongo, na sura ile haikuwepo.

"Na ile ya shirika? Uliyoniambia ni kirusi?"

"Lilikuwa kufuli langu."

Wanafunzi wawili wakapita, wakamwamkia dada, akawaitikia vizuri tu. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza tarehe ya kuweka juu ya barua:

"Uliifuta kabla sijakuletea chai, au baada?"

Fundi angeweza kusema kabla. Alilitamani neno hilo kuliko alivyowahi kutamani kitu.

"Baada," akasema.

Dada akatikisa kichwa mara moja, akauhamishia mfuko mkono wa pili, akashuka ngazi peke yake.

Fundi aliwaandikia bodi barua mbili. Walimjibu ya kwanza, kwamba suala limefungwa na hakuna ushahidi mpya. Akaacha kazi chuoni, na watu wakamsifu kwa hilo pia, wakasema amesusa kwa heshima ya dada yake. Majuto ni mjukuu, lakini mjukuu angalau hukua akaenda zake. Ya huyu yanakaa naye kwenye kibanda chake cha ufundi, kwenye kiti cha pembeni.

Dada siku hizi anawachapia watu barua nyumbani, kwa laptopu ndogo mezani pa chakula. Amemsamehe. Alimwambia hivyo siku moja waziwazi, na si mtu wa kusema jambo mara mbili. Kila Jumamosi asubuhi fundi huenda kumkagulia masasisho, na wakati wote huyakuta yanafanya kazi. Hucheka pamoja, dada humuuliza habari za watoto, humtania kwa mvi. Fundi huandika karatasi yake, hutia sahihi, hubandika chini ya laptopu.

Hapo ndipo dada huinuka kwenda jikoni kuleta chai. Vijiko vitatu vya sukari, kama zamani. Lakini mpaka karatasi iwe na sahihi, birika halitoki jikoni, na mdogo wake hajawahi kuliulizia.